Paulo Alishona Mahema

Somo letu ni Matendo ya Mitume 18:1-5.

Mara nyingi vijana wanatufuata baada ya ibada: "Pasta, Mungu ameniita kuhubiri. Niache kazi?" Ndugu mmoja hakuuliza. Aliuza mashini yake ya kushona, akaanza kuzunguka na Biblia. Baada ya miezi mitatu mke wake alikuwa akikopa unga kwa majirani, na yeye alikuwa akihesabu sadaka kabla ya kuhesabu roho. Wito wake ulikuwa wa kweli, lakini njaa ilianza kuuharibu.

Tumwangalie Paulo. Alipofika Korinto alikaa kwa Akila na Prisila na kufanya kazi pamoja nao, kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja: kushona mahema. Kila sabato alisimama katika sinagogi, akasema na Wayahudi na Wagiriki. Je, alikuwa nusu mtume? Hapana! Kwa mikono ile alijitunza, akawatunza na wenzake (Matendo 20:34), asimlemee mtu (1 Watesalonike 2:9). Tena wenzake wale wa kazi ndio baadaye waliomfundisha Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26).

Angalieni mstari wa 5. Sila na Timoteo walipofika toka Makedonia, Paulo alijitoa kabisa kwa Neno. Ndugu wa Makedonia walikuwa wamemtimizia mahitaji yake (2 Wakorinto 11:9).

Tunajifunza nini?

Kwanza, kazi ya mikono si upungufu wa imani.

Pili, anza na nafasi uliyo nayo. Paulo alikuwa na sabato. Wewe una Jumapili, una maombi ya asubuhi, una jirani mgonjwa.

Tatu, usikimbie mbele ya Mungu. Mke wako ajue, wazee wa kanisa wathibitishe, ndipo uache.

Na sisi kanisa tusijifiche nyuma ya mahema ya Paulo. Bwana aliagiza anayehubiri Injili aishi kwa Injili (1 Wakorinto 9:14). Kama mtumishi anachoka kwa sababu tumefunga mikono yetu, kosa ni letu.

Ndugu yule leo anashona kwa mashini ya kukodi. Siku ya Jumatano anahubiri, na nyumbani kwake wanakula.

Ee Bwana, bariki mikono yetu, linda na wito wetu. Amina.