Namba moja ya nani? Kumchagulia mtoto shule ya biashara



Matokeo ya Examen d'État yakisha kutoka, poda nyeupe ingali kichwani pa mtoto, swali linaingia nyumbani: sasa ataenda kusoma wapi? Kwa waliomaliza Biashara na Usimamizi, na hata kwa wengi waliosoma Pedagogia, jibu linakuja haraka: "Mama, mimi nataka gestion." Halafu mjomba mmoja anafungua simu yake na kusoma orodha: chuo hiki ni cha kwanza, kile ni cha kumi na mbili. Toka siku ile, mazungumzo yote ya familia yanazunguka namba.

Sisi walimu tunaulizwa kila mwaka kama namba hizo ni za kufuata. Tumeona vema kujibu kwa urefu, maana pesa ya kulipia masomo haya inatoka katika likelemba, katika sanduku la AVEC, katika meza ya mama anayeuza fretini na mafuta ya mawese. Pesa ya namna hiyo haitafutwi mara mbili.

Orodha zinapima nini?

Orodha ya vyuo haikushuka toka mbinguni. Kuna watu wanaoitengeneza, na kila mmoja ana kipimo chake. Orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, inatoa alama 30 kati ya 100 kwa tuzo ya Nobel na nishani ya Fields ya hesabu: je, walimu wa chuo na waliosoma pale walizipata? Alama nyingine nyingi zinatoka katika makala za utafiti. Jiulizeni, akina mama: mtoto anayetaka kujua kushika vitabu vya hesabu vya duka, Nobel itamfundisha nini?

Nyingine inaitwa Webometrics. Inatoka Uhispania toka mwaka 2004, nayo ndiyo inayosomwa sana kwenye simu zetu kwa sababu inahesabu vyuo vingi, hata vya kwetu. Hii inatazama hasa alama ambazo chuo kinaacha kwenye intaneti: kurasa ngapi za wengine zinaelekeza kwake, kazi za walimu wake zinatajwa mara ngapi. Ni habari yenye maana kwa mtafiti. Lakini kipimo hicho hakiingii darasani kuona kama mwalimu amefika, au kama wanafunzi 400 wanasikiliza bila kipaza sauti.

Tena orodha hizi mbili zinapima chuo kizima. Chuo kinaweza kuwa na jina kwa sababu ya kitivo cha udaktari, na kitivo cha uchumi kikawa kinalala. Na taasisi ya biashara, kama ISC ya Bukavu, ya Goma au ya Lubumbashi, haifundishi udaktari wala uinjinia. Ukiiweka kwenye mstari mmoja na chuo kikuu chenye vitivo kumi, unalinganisha jembe na sufuria.

Hata Marekani namba inadanganya

Marekani wanapenda orodha kuliko watu wote. Kule U.S. News wanapanga shule za biashara za wanaoanza chuo. Wanafanyaje? Wanawauliza wakuu na maprofesa wa shule nyingine za biashara watoe alama. Ni hayo tu. Orodha ile haihesabu nani alipata kazi wala nani alimaliza na deni. Ni sifa inayosifiwa na majirani.

Kuna na uongo. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba shule ya biashara ya chuo kikuu cha Temple, mjini Philadelphia, ilikuwa imetuma habari zisizo za kweli kuhusu masomo yake ya MBA ya mtandaoni, yaliyokuwa yameshika nafasi ya kwanza miaka kadhaa. Mkuu wa zamani wa shule hiyo alipatikana na hatia mahakamani mwaka 2021, na mwaka 2022 akahukumiwa miezi 14 ya gereza. Kama namba inaweza kupikwa kule kwenye wakaguzi na magazeti makubwa, kwetu tuitazame mara mbili.

Lakini tusiseme kwamba jina la chuo ni bure. Wanauchumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walifuatilia wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vyenye jina kubwa. Wengine walienda huko, wengine walichagua vyuo visivyo na jina sana. Katika kazi waliyotoa mwaka 2002 walionyesha kwamba mishahara yao baadaye ilikaribiana. Bidii ya mtoto ilimfuata popote alipoenda. Ila waliona jambo moja la kutuhusu sisi: waliotoka katika familia maskini ndio waliofaidika na chuo chenye jina.

Kwa nini? Sisi tunaelewa hivi: mtoto wa tajiri anafika chuoni akiwa tayari na baba mdogo benki na shangazi forodhani. Mtoto wetu anakitegemea chuo kimfungulie mlango. Basi tusiulize kwanza, "Ni cha ngapi?" Tuulize, "Kinafungua milango gani?"

Maswali ya kwenda nayo mlangoni

La kwanza ni karatasi. Chuo cha binafsi kinapaswa kuwa na ruhusa ya Waziri wa Elimu ya Juu. Omba uone namba na tarehe ya hiyo arrêté, na uulize kama inahusu kweli masomo ya biashara, maana kuna wanaopata ruhusa ya kitu kimoja na kufundisha vitano. Wizara imeshafunga taasisi nyingi zilizoonekana hazina uwezo, na mzazi hakurudishiwa miaka ya mtoto wake. Ukiambiwa "karatasi ziko Kinshasa, zinakuja", funga mkoba wako na urudi nyumbani.

La pili ni miaka. Zamani mtoto alifanya graduat miaka mitatu, halafu licence miaka miwili. Toka mwaka wa masomo 2021-2022 inchi yote imeingia katika mpango wa LMD: licence ni miaka mitatu yenye krediti 180, ni kusema 60 kila mwaka, halafu master miaka miwili. Basi neno "licence" la leo si lile la kaka yake mkubwa. Uliza chuo kinahesabuje krediti na kama kinampa mwanafunzi karatasi ya alama kila mwaka. Bila karatasi hiyo, siku mtakapohamia mji mwingine, na sisi tunajua kuhama kunavyokuja bila hodi, mtoto ataanza upya.

La tatu ni yanayofundishwa. Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012, na sheria zetu za biashara zikawa moja na za inchi nyingine 16 za Afrika. Hesabu za kampuni zinafuata SYSCOHADA, iliyorekebishwa na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Omba kuona silabusi ya hesabu. Kama ingali inafundisha ule mpango wa zamani wa Kongo, mtoto atamaliza akijua kazi isiyofanywa tena. Uliza pia kama wanafunzi wanagusa kompyuta kwa mikono yao, au wanachora kompyuta ubaoni.

La nne ni staji. Ni nani anayemtafutia mwanafunzi mahali: chuo au mzazi? Wa mwaka jana walienda wapi: benki, koperative ya akiba, ofisi ya kodi, duka la jumla? Usimwulize mkuu wa chuo peke yake. Mtafute CP wa mwaka wa mwisho, kaa naye kando, umnunulie fanta. Nusu saa na CP inazidi kurasa kumi za matangazo.

La tano ni bei yote. Chuo kinatangaza frais ya mwaka, lakini nyuma yake kuna kuandikishwa, silabusi, pesa ya enrôlement kabla ya mtihani, kazi ya kumaliza, chumba, na usafiri kila siku. Andika vyote kwenye daftari, uzidishe kwa miaka mitatu. Chuo cha mji mwingine chenye jina kinaweza kuonekana rahisi, halafu chumba na chakula vikakishinda. Mtoto anayesimama mwaka wa pili kwa kukosa pesa hana namba moja wala namba kumi.

Binti naye ahesabiwe

Tuseme na lile tunalolijua wote. Katika nyumba nyingi, pesa ya chuo kizuri inawekwa kwa ajili ya kijana, na binti anaambiwa, "Wewe nenda pale karibu, utaolewa tu." Pale karibu ni pale ambapo hakuna aliyeuliza arrêté. Tunafundisha wasichana wanaoshinda kaka zao kwa hesabu, halafu tunawaona wanapewa shule ya mabaki. Maswali yale matano yaulizwe kwa binti kwa sauti ileile.

Na kwa binti kuna la sita: alama zinatolewa namna gani? Kuna walimu wanaomwambia msichana kwamba pointi zake ziko chumbani mwao. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri ya kingono inaadhibu mwenye kutumia cheo chake namna hiyo. Basi uliza: mwanafunzi ana haki ya kuona kopi yake ya mtihani? Analeta malalamiko kwa nani? Kuna mama katika kamati ile? Chuo kinachokasirika kwa swali hilo kimeshakujibu. Hakuna orodha ya ulimwengu inayopima jambo hili, na mama ndiye atakayelipima.

Kazi ya vikundi vyetu

Mama mmoja akienda peke yake kuuliza arrêté, anaweza kuambiwa asubiri nje. Akina mama watatu wenye daftari wanapewa viti. Tunaomba kila kikundi, kabla ya maandikisho kufunguliwa, kitume watu wawili au watatu katika vyuo ambavyo watoto wetu wanataka, na maswali haya sita. Mmoja aandike, mwingine aongee. Waulize wanafunzi na wenye kumaliza, wala wasiishie ofisini. Majibu yasomwe siku ya mkutano wa AVEC, kabla ya kugawa sanduku, ili mama anayetoa mkopo kwa ajili ya frais ajue anamlipa nani na kwa kitu gani.

Mjomba na simu yake tumsikilize. Orodha inaweza kutukumbusha chuo ambacho hatukukifikiri. Na kama mtoto anawaza kuendelea na masomo ng'ambo, jina linalojulikana linaweza kumsaidia. Lakini orodha ibaki kwenye simu, na daftari lenye majibu sita liwekwe mezani, mtoto mwenyewe akiwapo. Yeye ndiye atakayeamka saa kumi na moja kufika darasani. Tumwulize na yeye aliona nini alipoenda kule.