Nyumba kwenye nchi ya chai: maswali ya kumwuliza wakili kabla hujatoa pesa

Mtu wa Pwani akipelekwa kazi Kericho, au akioa Bomet, haipiti muda kabla hajatajiwa kiwanja: nusu ekari, nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, nyuma yake mistari ya chai. Dalali atakwambia wakili wa nini, chifu yupo na wazee wa kijiji wapo, karatasi itaandikwa leo leo.

Karatasi ya chifu haina ubaya kama ushahidi. Sheria ya mikataba ya Kenya inataka mauzo ya ardhi yaandikwe, yatiwe saini na pande zote mbili na yashuhudiwe. Lakini karatasi hiyo haihamishi umiliki. Umiliki huhama siku jina lako linapoandikwa kwenye rejista ya ardhi, na asiye wakili akikuandalia hati za uhamisho kwa malipo anavunja sheria. Wakili huanza kwa upekuzi rasmi wa hati, ule ambao wengi huuita sachi, kujua jina lililoko kwenye rejista, kama kuna rehani ya benki na kama kuna zuio. Nakala ya hati aliyokuja nayo muuzaji mfukoni si sachi.

Jingine la kuelewa mapema: kwetu Mombasa tumezoea nyumba bila ardhi, jengo la huyu na kiwanja cha yule, na kodi ya ardhi kila mwezi. Usiende na fikra hiyo huko. Unachonunua ni ardhi, na nyumba inaifuata ardhi. Ukiuziwa "nyumba tu", ondoka.

Swali linalowaponza wengi ni la bodi. Ardhi ya kilimo, na sehemu kubwa ya Kericho na Bomet nje ya miji ni hiyo, haiuzwi bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1967 na bado ina meno. Maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Kibali kisipopatikana, mauzo ni batili, kana kwamba hamkuuziana kitu. Pesa ulizolipa unaweza kuzidai kama deni, lakini ukuta uliojenga na bati uliloezeka ni hadithi nyingine. Na kukaa kwenye ardhi kwa mauzo yaliyobatilika hivyo sheria inakuhesabu kuwa kosa la jinai. Ni kweli kwamba mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa iliwaokoa wanunuzi waliokwisha kulipa na kuingia, ikisema muuzaji hawezi kula pesa za watu kisha akajificha nyuma ya kibali ambacho yeye mwenyewe alikikwepa. Lakini hao walifika mpaka Mahakama ya Rufaa, na safari hiyo si ya mtu wa mshahara. Kwa maoni yangu, usimalizie malipo kabla kibali hakijakaa mkononi mwa wakili wako, hata muuzaji awe mkweo.

Mbele ya bodi mke wa muuzaji huulizwa kama ameridhia, na si kwa adabu tu. Tangu sheria za 2012 na 2013, mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Mzee mwenye nyumba mbili? Wakili mwerevu huwaita wake wote wawili watie saini.

Halafu mirathi. Mashamba mengi yamegawanywa kwa mdomo tu: babu alionyesha kila mtoto mpaka wake, akafariki, na rejista bado inasoma jina lake. Mjukuu anayekuuzia analima pale miaka 20 na majirani wote watamshuhudia. Hata hivyo hana cha kukuuzia bado. Sheria ya urithi inakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi, na kwa kawaida uthibitisho huombwa baada ya miezi 6 tangu hati hiyo kutolewa. Sisi tukisikia mirathi tunamfikiria Kadhi. Kwa familia isiyo ya Kiislamu jambo hilo huenda mahakama ya hakimu au Mahakama Kuu, na jina la anayekuuzia lazima lionekane kwenye hati ile iliyothibitishwa, pamoja na sehemu aliyopewa.

Wenye ndugu Muscat wasikilize hapa. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Kwa shamba, bodi hutakiwa ikatae kabisa kumpa kibali asiye raia. Kwa hiyo ami yako aliyechukua uraia wa Oman na kuuacha wa Kenya hawezi kutuma pesa shamba la chai likaandikwa jina lake. Kama alizaliwa raia wa Kenya, Katiba hiyo hiyo inamruhusu kuomba kurudishiwa uraia, lakini hilo litangulie, mkataba ufuate.

Je, hati safi yatosha? Mfano uko kwetu. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management juu ya kiwanja cha ufukweni Nyali. Mnunuzi alikuwa na hati, alikuwa amelipa, na bado akapoteza, kwa sababu ardhi ilitolewa kinyume cha taratibu tangu mwanzo, mwaka 1989. Kwa hiyo mwambie wakili asiishie kwenye jina la sasa. Afuate rejista mpaka chanzo, hasa ardhi ikiwa kando ya barabara kuu au inapakana na msitu. Waliofukuzwa msitu wa Mau upande wa Narok mwaka 2018 na 2019, baadhi yao walikuwa na hati mkononi.

Kama kuna chai shambani, mkataba useme yake pia. Mkulima mdogo hupeleka majani kiwandani, tuseme Litein au Mogogosiek, kwa nambari yake ya KTDA. Bonasi ya mwaka unaoishia Juni huja karibu na Oktoba, na mbolea ya mkopo hukatwa humo humo kwenye malipo. Bonasi hiyo ni ya nani, deni la mbolea ni la nani? Yasipoandikwa mtagombana.

Kuhusu gharama, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na 4 mijini. Muuzaji hulipa kodi ya faida, asilimia 15 tangu Januari 2023. Amana huwa asilimia 10, nayo ishikwe na wakili, isiingie mfukoni mwa muuzaji. Malipo ya wakili yana kima kilichowekwa na amri ya 2014, kwa hiyo uliza kabla ya kuanza. Awe wakili wako peke yako, si mmoja wa kuwatumikia nyote wawili, na jina lake ulitazame kwanza kwa Chama cha Mawakili kama ana leseni ya mwaka huu.