Sheria Yaonyesha Njia, Neema Yatia Nguvu



Leo twataka kujibu swali moja ambalo makatekista wetu hulisikia mara nyingi. Mtu aliyebatizwa juzijuzi husema hivi: "Mwatufundisha kwamba twaokolewa kwa neema ya Mungu, wala si kwa nguvu zetu. Basi, Amri Kumi ni za kazi gani tena? Na kama Amri zadumu, mbona hatuzishiki zile sheria nyingine za Musa, za vyakula, za tohara, na za sadaka za wanyama?"

Swali hili si la kipuuzi. Mitume wenyewe walikutana Yerusalemu kulitazama, kama tusomavyo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 15. Tulifuate nasi, lakini polepole, kama watu wapandao mlima, tusije tukachoka njiani.

I. SHERIA YA MUSA

Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyeishi katika karne ya 13, atufundisha kuzigawanya sheria za Musa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni sheria za ibada: sadaka za ng'ombe na kondoo, tohara, vyakula vilivyokatazwa, kunawa na kujitakasa. Hizo zilikuwa kama kivuli cha mtu ajaye. Kivuli huonekana kwanza mlangoni, nasi twajua mgeni yu karibu. Lakini mgeni akiisha kuingia nyumbani, hatukisalimu tena kivuli chake, twamsalimu mwenyewe. Kristo amekuja; sadaka yake msalabani imezikamilisha sadaka zote. Kwa hiyo Mitume hawakuwatwika wakristo waliotoka katika mataifa mzigo wa tohara.

Fungu la pili ni sheria za hukumu, zilizoliongoza taifa la Israeli katika mashamba yake, madeni yake na mashauri yake. Dola ile imekwisha kupita, na sheria zake hazitufungi kama zilivyowafunga wao.

Fungu la tatu ni sheria za maadili: umwabudu Mungu peke yake, uwaheshimu wazazi, usiue, usizini, usiibe, usimshuhudie mwenzio uwongo. Hizo hazikupita, wala hazitapita, maana Mungu amezitia katika akili ya kila mtu. Hata wazee wetu, kabla ya kusikia Injili, walijua kwamba kumwua mgeni aliyekula nyumbani mwako ni uovu mkubwa. Bwana wetu alitueleza waziwazi kwamba hakuja kuibomoa Torati, bali kuitimiza.

II. MAHALI AMRI YA UPENDO ILIPOWEKWA

Wengine hudhani kwamba Agano la Kale lina sheria tu, na Agano Jipya lina upendo tu. Hasha! Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako yapatikana katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, ambacho ni kitabu cha sheria toka mwanzo hata mwisho.

Tazameni sasa imewekwa kati ya mambo gani. Katika sura hiyohiyo Mungu amwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota masuke yaliyoanguka. Hayo ni ya maskini na ya mgeni. Amwagiza tajiri asiuweke ujira wa kibarua mpaka asubuhi. Amkataza mtu kumlaani kiziwi, au kumwekea kipofu kikwazo njiani. Amwagiza mchuuzi awe na mizani ya haki na kipimo cha haki. Kisha aagiza kwamba mgeni akaaye katika nchi yao apendwe kama mzaliwa, kwa kuwa Waisraeli nao walikuwa wageni kule Misri.

Twaona basi kwamba upendo ambao Mungu autaka si maneno matamu. Uko shambani, uko sokoni, uko katika mshahara wa kibarua. Mwenye kuibonyeza chini ya kopo lake la kupimia maharage, ili lijae upesi, amekwisha kuivunja amri ya upendo, hata kama jioni aongoza rozari nyumbani kwake.

III. JIRANI YANGU NI NANI?

Mwalimu mmoja wa Torati alimwuliza Bwana Yesu swali hilo, nasi twalisoma katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 10. Mtu yule alitaka mpaka. Alikuwa kama apimaye shamba: mpaka hapa ni jirani yangu, kutoka pale si jirani yangu tena, sidaiwi kitu.

Bwana Yesu hakumpa mpaka. Alimpa habari ya mtu aliyeshuka toka Yerusalemu kwenda Yeriko, akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi, wakamvua nguo na kumpiga, wakamwacha karibu kufa. Ninyi wa Kalengera, mnaokaa kando ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru, hamhitaji kuelezwa sana habari ya barabara yenye hofu. Kuhani alipita, asisimame. Mlawi alipita, asisimame. Watu hao waliijua Torati vema. Labda waliogopa kugusa maiti na kutiwa unajisi, nao wakaifanya sheria ya ibada kuwa kisingizio cha kuikimbia sheria ya upendo. Kisha akaja Msamaria. Wayahudi na Wasamaria walichukiana tangu siku nyingi, wala hawakutaka kuabudu mahali pamoja. Lakini yeye ndiye aliyemhurumia, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni.

Hapo Bwana Yesu akaligeuza swali. Hakuuliza nani anastahili kupendwa. Aliuliza nani alijifanya jirani wa yule aliyeumizwa. Basi, ndugu, tusiulize tena kama mtu yule ni wa lugha yetu, wa kabila letu, wa kilima chetu. Tujiulize: je, mimi nimekuwa jirani yake?

IV. KWA NINI SHERIA PEKE YAKE HAITOSHI

Sasa twafika penye ugumu. Amri ya upendo twaijua. Kuitimiza ndiko kunakotushinda. Mtume Paulo aliona jambo hilo ndani yake mwenyewe. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 7, akiri kwamba alilitaka jema, lakini alijikuta akilitenda baya asilolitaka.

Mfano wake ni huu. Taa usiku humwonyesha mtu shimo njiani, na taa ni kitu chema. Lakini aliyevunjika mguu hatainuka na kutembea kwa sababu ameletewa taa. Ahitaji mganga, na mkono wa kumwinua. Sheria ni taa. Neema ni mkono wa Mungu. Mtakatifu Augustino, aliyekuwa askofu katika Afrika ya Kaskazini, alifundisha hivyo: sheria ilitolewa ili tuitafute neema, na neema ilitolewa ili tuitimize sheria. Nao Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulitamka mambo mawili pamoja. La kwanza: mtu hawezi kufanywa mwenye haki kwa kazi zake mwenyewe bila neema ya Mungu kwa Yesu Kristo. La pili: Mungu haamuru yasiyowezekana, bali akiamuru atuonya tufanye tuwezalo na tumwombe tusiloliweza, naye hutusaidia.

Neema ni nini basi? Ni zawadi ya Mungu tusiyoistahili. Neema ya utakaso ni uzima wa Mungu mwenyewe rohoni mwetu. Twaipata kwanza katika Ubatizo, na tukiipoteza kwa dhambi ya mauti twarudishiwa katika Kitubio. Neema ya msaada ni mwanga na nguvu ambazo Mungu hutupa saa ya kutenda jema au ya kukataa baya.

Nabii Ezekieli alitabiri kwamba Mungu atatutoa moyo wa jiwe na kutupa moyo wa nyama. Ninyi mwalijua jiwe la volkano kuliko watu wengi. Tarehe 17 Januari 2002 mto wa moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma, ukaenda mpaka ziwani. Kisha ukapoa, ukawa jiwe ambalo jembe haliingii. Moyo wa mtu nao huwaka kwa chuki, halafu hupoa ukawa mgumu vivyo hivyo. Maneno peke yake hayawezi kuulainisha. Neema yaweza.

V. SHAHIDI WA GOMA

Pengine mtu atasema: "Mambo hayo ni ya Mitume, ni ya watu wa kale." Basi tumtazame mtoto wa mji wetu, Mwenye heri Floribert Bwana Chui.

Alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali yenye kazi ya kukagua bidhaa. Pia alikuwa mmoja wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia watoto waliokaa barabarani bila shule. Mwaka 2007 alifanya kazi ya ukaguzi Goma, penye mpaka. Vililetwa vyakula vilivyoharibika, ambavyo vingeweza kuwadhuru walaji. Watu wakamletea fedha ili avipitishe. Akakataa. Wakamsonga, akakataa tena. Alimweleza mtawa mmoja rafiki yake fikira zake: je, kuzipokea fedha zile ni kuishi katika Kristo? Naye aliona ni afadhali kufa. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, na maiti yake ikaonekana tarehe 9. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Kanisa lilitambua kwamba aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, naye akatangazwa mwenye heri tarehe 15 Juni 2025 huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo. Mwaka ule Goma ilikuwa katika taabu kubwa ya vita.

Mafundisho yote ya leo twayaona katika kijana huyu. Sheria aliijua: kitabu cha Kutoka, sura ya 23, chakataza rushwa, kwa kuwa huwapofusha wenye macho. Lakini wengi waijua sheria hiyo, nao huchukua fedha. Nguvu ya kukataa mbele ya kifo haikutoka katika vitabu vya sheria. Ilitoka kwa Mungu, ambaye Floribert alimtafuta katika sala. Na jirani yake alikuwa nani? Walikuwa wale ambao wangekula chakula kile: mama sokoni, mtoto mezani. Hakuwajua majina yao, wala kabila lao, wala dini yao. Hawakujua hata kidogo kwamba kuna mtu aliyewafia.

VI. NA SISI JE?

Wengi wetu hatutajaribiwa kama Floribert. Twajaribiwa kwa mambo madogo: kusogeza mpaka wa shamba hatua moja wakati mwenzetu yupo mbali kwa kukimbia vita; kutia maji katika maziwa ya kuuza; kumnyima kibarua ujira wake kwa kuwa hana wa kumtetea; kucheka wanapotukanwa watu wa lugha nyingine. Wala tusijidanganye kwamba hayo si kitu. Chuki kubwa iliyomwaga damu katika nchi yetu ilianza kwa vicheko vya namna hiyo.

Saa ya kujaribiwa, tufanye mambo matatu. Kwanza tukumbuke Amri. Pili tuombe neema, hata kwa neno moja tu: "Bwana, nisaidie." Tatu tutende. Na tukianguka, tusikate tamaa, bali twende upesi kwa Kitubio. Kisha turudishe tulichokiiba, kwani toba bila kurudisha mali ya mwenzio si toba kamili.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Swali: Je, sheria zote za Musa zatufunga?
Jibu: La. Sheria za ibada zimetimizwa katika Kristo, na za hukumu zilikuwa za taifa la Israeli. Sheria za maadili, yaani Amri Kumi, zadumu milele.

Swali: Twawezaje kuzishika Amri?
Jibu: Kwa neema ya Mungu, tunayoipata katika sakramenti na katika sala, na kwa kuitikia neema hiyo kwa hiari yetu.

Swali: Jirani yangu ni nani?
Jibu: Ni kila mtu, hata adui, hata mgeni, hata nisiyemwona wala kumjua jina.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, umetuonyesha njia kwa sheria yako. Ututie nguvu kwa neema yako, ili tumpende kila mtu unayempitisha mlangoni petu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.