Kibao cha Joistiki: Chagua Kinachoufaa Mkono, Si Kinachovutia Macho

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia sukari, presha na chanjo za watoto. Leo naomba tuzungumzie mikono, na hasa mikono ya wale wanaocheza gemu za ngumi kama Street Fighter, Tekken na Mortal Kombat. Wazazi, msifunge ukurasa mkidhani makala hii ni ya watoto peke yao.

Street Fighter II ilitoka mwaka 1991 na Tekken ikafuata mwaka 1994. Hesabu mwenyewe. Kijana aliyekuwa akipanga foleni kwenye kibanda cha gemu kule Dar au Nairobi, leo ni baba wa watu. Yuko hapa Minneapolis au Saint Paul, usiku anabeba maboksi ghalani au anageuza wazee kwenye nyumba za kulelea wazee, na akirudi nyumbani anapumzisha akili kwa gemu. Mkono uliobeba maboksi saa nane ndio huo huo unaokwenda kupigana na Ryu au Jin saa mbili nyingine. Ukiongeza winta yetu, ambapo kuanzia Novemba hadi Machi watu wanajifungia ndani, utaelewa kwa nini maumivu ya vidole na vifundo vya mikono si jambo la kuchekwa.

Mama mmoja aliniuliza, "Dada, mwanangu anataka nimnunulie kibao cha dola mia mbili, anasema eti kitamponya kidole. Ni kweli au ananidanganya?" Jibu langu lilikuwa kwamba hadanganyi, ila hajasema yote. Makala hii ni jibu hilo kwa urefu.

KIBAO CHA JOISTIKI NI NINI?

Ni boksi bapa lenye joistiki upande wa kushoto na vitufe vikubwa upande wa kulia, mfano wa zile mashine kubwa za gemu za zamani. Mchezaji hukiweka mapajani au mezani. Tofauti yake na pedi ya kawaida ni hii: kwenye pedi, kidole gumba cha kushoto ndicho kinachofanya kazi yote ya kuelekeza, mara maelfu kwa jioni moja. Kwenye kibao, kazi hiyo inafanywa na kiganja na mkono mzima, na vitufe vinabonyezwa na vidole kadhaa kwa kupokezana.

Kwa hiyo mtu anayeumwa kidole gumba kwa sababu ya pedi anaweza kupata nafuu akihamia kwenye kibao. Lakini mzigo haujatoweka, umehama tu. Umetoka kwenye kidole gumba ukaenda kwenye kifundo cha mkono, misuli ya mkono na bega. Kibao kisichomfaa mtu kitampa maumivu mapya mahali papya.

MKONO UNAUMIAJE?

Misuli inayovuta vidole iko zaidi kwenye mkono, kati ya kiwiko na kifundo. Inavuta kupitia kano, mfano wa kamba, ambazo nyingine hupita ndani ya ala nyembamba. Kano ikisuguliwa mara nyingi bila kupumzishwa, ala yake hunenepa na kubana. Matatizo yanayoonekana sana ni haya:

1. Maumivu upande wa kidole gumba. Huitwa ugonjwa wa De Quervain, kwa jina la daktari wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Kina mama wenye watoto wachanga nao huupata kwa kuwanyanyua watoto. Jipime hivi: kunja kidole gumba ndani ya ngumi, halafu inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Ukisikia maumivu makali juu ya kifundo, upande wa kidole gumba, acha hapo hapo. Hiyo ni dalili ya kwenda kupimwa.

2. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Hapa neva inayopita katikati ya kifundo inabanwa. Mara nyingi ganzi humwamsha mtu usiku, akakung'uta mkono ndipo apate nafuu.

3. Ganzi ya kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Hii ni neva nyingine, na mara nyingi inabanwa kwenye kiwiko. Wanaoegemeza viwiko kwenye meza ngumu au mikono ya kiti huku wakicheza wajihadhari.

KABLA HUJATOA PESA: MAMBO SITA YA KUANGALIA

Bei zinatofautiana sana. Vibao vidogo vinaanzia kama dola 50, na vile vizuri vya kampuni kama Hori, Qanba au Razer vinaweza kufika dola 200 na kuendelea. Sote tunajua dola 200 zinafanya nini zikitumwa nyumbani, kwa hiyo usinunue kwa picha. Kama una rafiki mwenye kibao, kiazime kwa jioni moja. Ukinunua dukani, iwe Best Buy au Micro Center ya St. Louis Park, uliza kwanza masharti ya kurudisha bidhaa na utunze risiti.

1. Upana na uzito. Kibao kidogo na chepesi huteleza mapajani. Kikiteleza, unakikandamiza kwa viganja bila kujua, na huo ndio mwanzo wa maumivu. Kizito kiasi, chenye mpira chini, hutulia chenyewe.

2. Mahali pa kupumzishia kiganja. Weka mikono juu yake kama unayecheza. Kifundo kinatakiwa kinyooke sawa na mkono. Kama kinapinda kwenda juu, au ukingo wa mbele wa boksi unakukata, hicho si chako.

3. Umbali wa vitufe. Vidole vinne vifikie vitufe bila kutanuliwa. Mwenye mikono midogo, na hasa watoto, aangalie hili sana.

4. Ulaini wa vitufe. Kitufe kizuri hubonyea kwa kuguswa kidogo. Ukilazimika kukigonga, zidisha pigo hilo mara elfu kadhaa.

5. Kinaingia kwenye mashine gani? Kibao cha PlayStation hakiingii Xbox hivi hivi, na cha PS4 hakifanyi kazi kwenye kila gemu ya PS5. Soma boksi.

6. Vipuri vinabadilishika? Hili ni muhimu kuliko rangi na michoro yote, kama tutakavyoona.

Angalizo kwa wanaonunua vya mitumba: mwaka 2009, Street Fighter IV ilipoingia PlayStation 3 na Xbox 360, kampuni ya Mad Catz ilitoa vibao vya Tournament Edition vyenye vipuri vya Sanwa vya Kijapani ndani. Ni imara na bado vinauzwa mkononi. Lakini kampuni ilifilisika mwaka 2017, na vibao hivyo vilitengenezwa kwa mashine za zamani. Ili vifanye kazi kwenye mashine za sasa, utahitaji kifaa cha kubadilishia au bodi mpya, kwa mfano za Brook. Piga hesabu yote kabla ya kufurahia bei.

KUKIREKEBISHA KIUFUATE MWILI WAKO

Uzuri wa kibao ni kwamba ni kama cherehani, kinafunguka na kurekebishika. Chomoa waya kwanza, kisha fungua skrubu za chini.

Vitufe. Vile vikubwa huwa na upana wa milimita 30, na vidogo vya pembeni milimita 24. Sanwa OBSF-30 vinapendwa kwa sababu ni vyepesi kubonyezwa. Vinabanwa kwa vijino vya plastiki na nyaya zake huchomekwa tu, huhitaji kuchomelea kwa risasi. Kitufe kimoja ni dola chache. Mtu mwenye kibao cha bei nafuu chenye vitufe vigumu anaweza kupata nafuu kubwa kwa kubadilisha vitufe pekee, bila kununua kibao kipya. Pima upana kwanza na uhakikishe boksi lina nafasi ndani.

Springi ya joistiki. Springi nzito hurudisha joistiki katikati haraka, lakini inadai nguvu zaidi kila unapoisukuma. Anayeumwa mkono aanze na nyepesi.

Kizuizi. Ni kipande cha plastiki chini ya joistiki kinachoweka mpaka wa mwendo. Cha mraba ndicho cha kawaida kwenye Sanwa JLF, na kuna cha pembe nane pia. Hakuna kilicho dawa. Kosa la wengi ni kusukuma joistiki mpaka igonge ukuta kwa nguvu, wakati swichi ilishabonyea zamani. Sikiliza mlio wa swichi, ukishasikia imetosha.

Kichwa cha joistiki. Kuna cha mpira na kile kirefu kama peasi. Kichwa cha mpira kinashikwa kwa juu au kwa chini, fimbo ikiwa katikati ya vidole. Chochote utakachochagua, kishike kama unavyoshika yai. Anayekibana kama mpini wa jembe atalala na maumivu ya mkono.

Vibao visivyo na joistiki. Aina hii ilienezwa na kampuni ya Hit Box ya hapa Marekani. Mielekeo yote ni vitufe, na cha kuruka kipo chini karibu na vidole gumba. Mchezaji mashuhuri wa Kijapani Daigo Umehara ni mmoja wa waliohamia huko. Kwa mtu anayeumwa kifundo cha kushoto kwa kuzungusha joistiki, vinaweza kuwa nafuu kubwa, kwa sababu mkono unatulia na vidole ndivyo vinavyofanya kazi. Lakini mwenye De Quervain awe mwangalifu na kile kitufe cha kidole gumba, na kwa wote kujifunza upya huchukua wiki kadhaa. Wiki hizo cheza kidogo kidogo.

Kwa wale wanaochomelea nyaya wenyewe: risasi ya kuchomelea mara nyingi ina madini ya risasi yenye sumu. Fungua dirisha hata kama ni baridi, usile hapo, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na watoto wadogo wasiwe karibu.

JINSI YA KUKAA NA KUPUMZIKA

Kibao bora kwenye mkao mbaya ni kazi bure. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, si kwenye zulia na mgongo umepinda. Viwiko vikunjwe kama pembe ya mraba, mabega yashuke, miguu ifike chini. Kama meza iko juu kuliko viwiko, weka kibao mapajani.

Siku za baridi usiingie kutoka nje na vidole vya barafu ukaanza kucheza. Vipashe moto kwa maji ya uvuguvugu, funga na fungua ngumi taratibu mara kumi. Baada ya kila dakika 45 hivi inuka, nyoosha mikono, kunywa maji. Na wewe uliyetoka shifti ya maboksi, upe mkono muda kabla ya gemu. Kwa kano, gemu baada ya shifti ni shifti ya pili.

Ukisikia maumivu, pumzisha mkono siku kadhaa na weka barafu iliyofungwa kwenye taulo dakika 10 hadi 15. Usimeze ibuprofen ili upate kuendelea kucheza. Dawa inanyamazisha kengele, moto unaendelea kuwaka. Mwenye presha, vidonda vya tumbo au matatizo ya figo aulize daktari au mfamasia kabla ya kuitumia.

WAKATI WA KWENDA KUPIMWA

Usisubiri kama:
- maumivu yanaendelea zaidi ya wiki mbili licha ya kupumzika;
- ganzi inakuamsha usiku;
- unaangusha vikombe, au kufunga vifungo vya shati kunakushinda;
- kidole kinakwama kikikunjwa.

Mkono ukivimba, ukiwa mwekundu na wa moto, pamoja na homa, nenda siku hiyo hiyo. Neva iliyobanwa kwa muda mrefu inaweza kuharibika, misuli ya kidole gumba ikasinyaa, na hapo hata upasuaji haurudishi kila kitu. Kwa mtu anayeishi kwa mikono yake na mwenye watu nyumbani wanaomtegemea, hiyo ni hasara kuliko gemu yoyote.

Ukifika, mweleze daktari yote: kazi, gemu, saa ngapi kwa siku. Usione haya kutaja gemu. Omba upelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya mikono, ambaye anaweza kukupa kishikizo na mazoezi. Kama unadhani kazi ndiyo chanzo, mjulishe mwajiri mapema kwa maandishi, kwani Minnesota ina sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini.

Hospitali kubwa kama Hennepin Healthcare ya Minneapolis na Regions ya Saint Paul zina wakalimani. Kwa msingi wa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Sema unataka Kiswahili tangu unapopiga simu, na usimfanye mtoto kuwa mkalimani wako. Asiye na bima aulize kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato, kama People's Center pale Cedar-Riverside.

Basi wazazi, mtoto akisema kidole kinamuuma, msikimbilie kutupa mashine jalalani. Mkitupa, safari nyingine ataficha maumivu. Kaeni naye, mwangalieni anavyoshika, mpangieni muda. Nanyi vijana, kibao kizuri kitakusaidia, lakini vipuri vyake vinauzwa dukani. Vya mkono wako haviuzwi.

Makala hii ni ya elimu, haichukui nafasi ya daktari aliyekuona na kukupima. Nawatakia afya njema. Tukutane makala ijayo, panapo majaliwa.