DRC: Ndege zinabadilika, marubani wabaki njia panda

Dereva wa Toyota anaweza kesho kushika usukani wa Mercedes bila kuomba ruhusa kwa mtu. Rubani hana bahati hiyo. Leseni yake inataja aina ya ndege anayoruhusiwa kurusha, na aliyefuzu kwa Airbus A320 haketi mbele ya Boeing 737 mpaka arudi darasani, apite kwenye simuleta, ile mashine inayoigiza ndege ikiwa angani, kisha afaulu mtihani. Masomo hayo huchukua wiki kadhaa na hugharimu maelfu ya dola. Kwa marubani wa safari za ndani ya Kongo, kanuni hiyo imegeuka swali la mkate. Katika miaka kumi hivi, shirika la taifa limebadili aina za ndege, au limeahidi kuzibadili, haraka kuliko rubani anavyoweza kufuata.

Congo Airways iliundwa mwaka 2014, wakati nchi ilikuwa haina shirika la taifa la kutegemewa tangu Air Zaïre ilipofilisika mwaka 1995. Ilianza kuruka Oktoba 2015 ikiwa na Airbus A320 mbili, moja kati yake ikiwa imezuiliwa na mahakama huko Dublin, Ireland, miezi michache kabla, kwa ajili ya deni lililodaiwa serikali. Baadaye zikaja Q400, ndege za pangaboi zinazofaa viwanja vifupi. Vijana waliokuwa wakitafuta pa kuanzia waliona ngazi imesimama: unaanza kama rubani msaidizi kwenye Q400, unahamia Airbus, na siku moja unakuwa komanda wa ndege.

Ngazi hiyo haikudumu. Desemba 2019 kampuni iliagiza Embraer E175 mbili. Mei 2020 agizo likabadilishwa kuwa E190-E2, ndege kubwa zaidi na ya kizazi kipya. Ndege hizo hazikufika. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba Embraer E190 mbili zingekodiwa kutoka Kenya Airways. Wakati huohuo zile Airbus na Q400 zilikuwa zikikaa chini kwa vipindi virefu zikingoja vipuri na matengenezo. Kwa abiria, hiyo ni tiketi iliyoahirishwa. Kwa rubani, ni kazi inayoyeyuka mikononi mwake akiitazama.

Mtu akitaka kujua rubani amefika wapi, hamuulizi ana diploma gani. Anafungua daftari lake la saa za kuruka. Leseni ya biashara hupatikana kwa saa 200 hivi, lakini ile ya juu, inayomruhusu kuwa komanda wa ndege kubwa ya abiria, inadai saa 1,500. Na si saa tu. Kanuni za kimataifa zinataka rubani awe amepaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita kwenye aina hiyo ya ndege, au afanye hivyo kwenye simuleta iliyoidhinishwa. Mara 2 kwa mwaka hupimwa ustadi wake. Daktari naye anamsubiri. Ndege ikikaa uwanjani Ndjili miezi 6, ujuzi wa aliyekuwa akiirusha unakwisha muda kwenye karatasi, hata kama kichwani bado anaikumbuka yote. Kuufufua kunahitaji safari ya nje, Addis Ababa au Johannesburg kwa mfano, na kampuni isiyo na ndege angani haina haraka ya kulipia safari hiyo.

Kuna wanaojiuliza kwa nini wasiende kutafuta kazi nchi nyingine. Wapo waliokwenda. Lakini tangu mwaka 2006 kampuni za ndege za Kongo ziko kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya zisizoruhusiwa kuruka katika anga yake. Kisheria marufuku hiyo inagusa kampuni, haimgusi mtu. Sababu yake kubwa, hata hivyo, ni udhaifu wa usimamizi wa usafiri wa anga nchini, na leseni ya rubani hutolewa chini ya usimamizi huohuo. Anayebisha hodi ugenini na leseni ya Kinshasa anajua maswali yatakayofuata.

Wengine hurudi chini, kwenye ndege ndogo. Cessna Caravan na L-410 ndizo shule halisi ya marubani wengi wa Kongo: viwanja vya udongo, mvua za ghafla, milima, magunia na abiria pamoja. Shule hiyo nayo imepungua. Uwanja wa Goma umefungwa kwa ndege za abiria tangu mji ulipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na wa Kavumu karibu na Bukavu ukafuata mwezi wa Februari. Kivu ilikuwa moja ya sehemu ambako rubani kijana angeweza kukusanya saa zake upesi, maana kuna vijiji vya ndani ambavyo barabara haifiki.

Katikati ya hali hiyo ilikuja Air Congo, iliyoanza safari Desemba 2024. Serikali ina asilimia 51 na Ethiopian Airlines asilimia 49. Ilianza na Boeing 737-800 mbili, na hapo ndipo mahesabu ya marubani yanapovurugika tena: waliotumia miaka yao kwenye Airbus na Q400 wanakutana na ndege ambayo leseni yao haiitaji. Faida ipo, na si ndogo. Ethiopian ina chuo kikubwa cha urubani mjini Addis Ababa chenye simuleta zake, na shirika linaloruka kila siku ni bora kwa rubani kuliko jina tukufu lililopaki.

Linalobaki ni mambo ambayo hayaonekani kwenye picha za uzinduzi. Nani atalipia mafunzo ya 737 kwa Mkongomani mwenye saa nyingi za Airbus, na atafungwa miaka mingapi kwa mkataba wa kurudisha gharama hiyo? Je, ataingia kama komanda au atashushwa kiti cha kulia? Kwenye mashirika mengi, cheo hufuata tarehe ya kuajiriwa, na anayehama anapangwa mwisho wa orodha. Kwa rubani mwenye umri wa miaka 50, mstari huo ni mrefu: kanuni za kimataifa humtoa kwenye safari za kibiashara za nje ya nchi akifikisha miaka 65.