Sikukuu ufukweni Mbezi: Soko linalofuata mwezi na maji

Siku za Jumapili alasiri, na zaidi siku za sikukuu, familia nyingi za Dar es Salaam huteremka baharini. Kwa wakazi wa Mbezi Beach, Kawe, Goba na Tegeta safari hiyo ni fupi. Watoto huoga na kuchezea mchanga, vijana hucheza mpira, na vikundi vya kanisani, vya kazini na vya kuweka na kukopa hufanya sherehe zao huko huko pwani.

Kila familia hutumia fedha kidogo: dafu, mihogo ya kukaanga, embe bichi lenye chumvi na pilipili, kipande cha tikiti, samaki au mishikaki. Zikijumlishwa ni soko kubwa, ambalo bidhaa zake karibu zote zinatoka shambani na baharini kwetu. Hata hivyo, wakulima na wafanyabiashara wengi hulifikia kwa kubahatisha. Wanaleta mzigo mkubwa siku ya mvua na mdogo siku ya watu wengi. Hasara hiyo inaweza kupunguzwa, kwa sababu soko hili lina kalenda inayojulikana mapema.

Sikukuu za aina tatu

Aina ya kwanza ni zile zenye tarehe moja kila mwaka: Krismasi, Mwaka Mpya, Sabasaba na Nanenane. Krismasi na Mwaka Mpya huja wakati wa joto, msimu wa embe, ingawa mvua za vuli huweza kuchelewa kwisha. Sabasaba na Nanenane huja wakati wa kiangazi cha kusi, ambapo hakuna mvua nyingi lakini upepo ni mkali na bahari huchafuka.

Aina ya pili ni Pasaka. Huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, yaani karibu kila mara ndani ya masika. Anayetegemea Pasaka ufukweni ajiandae kwa mvua: mzigo mdogo, na bidhaa ambayo ikibaki haiozi kesho yake.

Aina ya tatu ni Idd, ambazo hufuata mwezi na kurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2024 Idd el Fitri ilikuwa 10 Aprili, na mwaka 2025 ikawa 31 Machi, zote katika kipindi cha masika. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2028 itakuwa mwishoni mwa Februari, na mwaka 2031 itaingia Januari. Maana yake ni kwamba sikukuu hii inatoka kwenye mvua na kuingia kwenye jua la kaskazi. Wakati huo huo Idd el Hajj, inayokuja siku zipatazo 70 baadaye, inaelekea masika. Mfanyabiashara anayepanga kwa kuangalia mauzo ya miaka mitano iliyopita atakosea hesabu zote mbili.

Bamvua na maji mafu

Jambo la pili ni maji ya bahari. Wavuvi wa Kunduchi na Msasani wanalijua vizuri, lakini wauzaji wengi kutoka bara hawalizingatii.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti huzidi mita 3. Siku za bamvua Dar es Salaam, maji hupwa karibu na saa 4 au 5 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 au 11 jioni. Siku saba hivi baadaye huja maji mafu, ambapo bahari haipandi wala kushuka sana.

Sasa, Idd el Fitri husherehekewa mwezi unapoandama. Kwa hiyo siku zote ni ya bamvua: maji yanajaa jioni, wakati ambao watu ni wengi, na ufukwe unakuwa mwembamba. Muuzaji aliyepanga jiko lake mchangani asubuhi atalazimika kulihamisha. Idd el Hajj husherehekewa siku ya kumi ya mwezi, wakati wa maji mafu, hivyo nafasi haibadiliki sana mchana kutwa. Krismasi na Mwaka Mpya zinapishana siku saba. Moja ikiwa ya bamvua, nyingine huwa ya maji mafu. Kuangalia mwezi angani hakuna gharama yoyote.

Panda kwa kuhesabu kurudi nyuma

Kwa mkulima, tarehe ya kuanzia ni siku ya kuuza. Tikiti maji huchukua siku 80 hadi 90 tangu kupanda mbegu. Anayetaka kuuza wiki ya Krismasi apande mwishoni mwa Septemba, akiwa na maji ya kumwagilia kwa sababu vuli bado. Mvua ikizidi wakati tikiti linaiva, hupasuka au kupungua utamu, hivyo shamba lisituamishe maji.

Kuku wa nyama huhitaji wiki tano hadi sita. Mchicha ni wiki tatu hadi nne. Muhogo ni miezi tisa hadi 12, lakini una faida moja: unaweza kubaki ardhini ukisubiri soko. Ng'oa kiasi ulichoagizwa, kwa kuwa muhogo uliong'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu.

Hesabu ya dafu

Tuchukue mfano rahisi. Msomaji aweke bei za kwake. Tuseme dafu linamfikia mfanyabiashara kwa Sh800 na anauza Sh1,500. Ananunua madafu 100 kwa Sh80,000 na kulipa usafiri Sh20,000. Gharama ni Sh100,000. Akiyauza yote anapata Sh150,000, faida Sh50,000.

Lakini gharama hizo zinarudi tu akifika dafu la 67. Akiuza 60 mvua ikanyesha, ana upungufu wa Sh10,000, ingawa madafu 40 yaliyobaki anaweza kuyauza kesho. Ingekuwa matikiti yaliyokwisha kukatwa, hasara ingekuwa kamili. Ndiyo sababu siku yenye wingu inafaa kuwa na bidhaa inayolala, na ile isiyolala iandaliwe kidogo kidogo kadiri wateja wanavyofika.

Mahali na sheria

Sehemu kubwa ya ufukwe wa Mbezi imepakana na nyumba na hoteli. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, hivyo kujenga kibanda cha kudumu ni kutupa mtaji. Meza na jiko vinavyobebeka ndivyo vinavyofaa. Kabla ya sikukuu, onana na ofisi ya serikali ya mtaa ujue mahali panaporuhusiwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019; fungia kwa karatasi na uje na chombo cha taka. Ufukwe mchafu hufukuza familia zenye watoto, nao ndio wateja wenyewe.

Wenye boti wana nafasi nyingine. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975. Watu hupenda kwenda Mbudya na Bongoyo kupumzika, na hulipa kiingilio. Anayewavusha awe na maboya ya kuvaa kwa kila abiria, na siku ya kusi kali asiondoke hata akiongezewa nauli.

Kwa kumalizia, wauzaji watano wanaoagiza pamoja kwa mkulima mmoja wa Mkuranga au Bagamoyo hugawana gharama ya gari, na mkulima naye huvuna akijua nani atachukua. Waketi mapema, wakiwa na kalenda ya mwaka mezani, waweke alama kwenye sikukuu na kuandama kwa mwezi, ndipo waamue kinachopandwa na kiasi gani.