Mukono ukivunjika tunaona. Na kichwa je?

Siku ile udongo ulipoanguka, wenzetu wawili walitoka na vumbi tu mwilini. Munganga wa kampuni aliwaangalia mikono, magoti na macho, akaandika kwenye karatasi: « apte ». Kisha siku tatu wakarudi kazini. Mumoja hakupata shida. Mwengine, kila kamio ilipopita na kutikisa chini, alikuwa anaruka na kukimbia. Usiku alikuwa anaamuka na kelele, watoto wanalia, bibi yake anatafuta taa. Akaanza kunywa lutuku ili apate usingizi. Kisha miezi ine kampuni ikamufukuza: « abandon de poste ».

Na sisi wa sendika tulisema nini? Bandugu, tuseme kweli. Tulisema: « Ule njo mulevi, tutamuteteaje? » Wengine walisema wamemuloga. Bibi yake alikuja mpaka kwenye biro yetu, akatuambia: « Papa delege, bwana yangu haiko mulevi. Ile bulongo ilimuangukiaka mu kichwa. » Hatukumusikia. Yeye, bila masomo marefu, alikuwa ametambua ugonjwa. Sisi wenye kutembea na kalamu mufukoni tulishindwa.

Tangu siku ile tumejifunza kidogo juu ya psikolojia. Hatuko wanganga, na masomo yetu yaliishia sekondari. Lakini tunaandika hapa yale tuliyoelewa, kwani kila mwaka kuna wengine wanaofukuzwa sawa yeye.

Si ulozi, si uvivu

Psikolojia ni elimu inayochunguza namna mutu anawaza, anajisikia na anatenda. Mu mwaka 1879, Mujerumani Wilhelm Wundt alifungua laboratware ya elimu hiyo mu muji wa Leipzig. Tangu pale watu wamezoea kupima mambo ya kichwa sawa vile injenyere anapima mawe: kuangalia, kuhesabu, kulinganisha.

Tuanze na woga. Woga si adui. Ukisikia ukuta unalia « kra », mwili unatoa dawa yake yenyewe, adrenaline. Moyo unakimbia, damu inaenda kwenye miguu, na uko mbali mbele hata ya kuwaza. Wengi wetu tuko wazima leo juu ya ile dawa. Hatari ikiisha, mwili unapashwa kutulia. Kwa watu wengi unatulia kisha siku ao majuma machache. Kwa wengine kengele inaendelea kulia hata kama moto umezimika.

Hali hiyo ikipita mwezi muzima, wanganga wanaiita « trouble de stress post-traumatique ». Alama zake ni hizi: aksida inarudi mu ndoto ao hata muchana; mutu anaepuka mahali na mazungumuzo yanayomukumbusha; anashituka kwa kitu kidogo; anakasirika bure; hapati usingizi; hana tena furaha na watu wake. Jina hilo liliingia mu kitabu cha wanganga wa akili wa Marekani mwaka 1980. Mbele ya pale, walisema nini? Mu vita ya 1914-1918, askari wengi walitetemeka hivi kisha mabomu, na wakuu wao wakawaita waoga. Kuna hata waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe. Tunaposoma ile habari tunamukumbuka mwenzetu. Sisi hatukumupiga risasi, lakini tulimuita mulevi.

Sauti moja mu ekipe

Psikolojia inaangalia pia namna watu wanatenda wakiwa wengi. Mu miaka ya 1950, mwalimu Mumarekani Solomon Asch aliweka vijana mu chumba. Aliwaonyesha mustari mumoja, kisha mistari ingine mitatu, akauliza: ni upi unalingana na ule wa kwanza? Jibu lilikuwa wazi hata kwa mutoto mudogo. Lakini mu chumba kile mumoja tu hakujua siri. Wengine wote walipatana na mwalimu wajibu uongo kwa sauti, uongo mumoja.

Ikawa nini? Watu watatu juu ya ine walifuata ule uongo angalau mara moja. Macho yao yaliona kweli, lakini kinywa kilisema kama wengine. Sasa, Asch alipoweka mu kundi mutu mumoja tu wa kusema kweli, wale wenye kufuata uongo walipunguka sana.

Wachimbaji, mufikiri vizuri hapo. Ekipe iko mbele ya ukuta wenye nyufa. Kila mutu anaona. Shefu anasema: « Twende, production inachelewa. » Wote kimya, na kila mumoja anawaza: kama wengine wanaingia, pengine ni mimi ndiye mwoga. Hivi ndivyo watu kumi wanaingia mu shimo ambalo hakuna hata mumoja alitaka kuingia. Delege hapashwi kuwa na nguvu ya simba. Anapashwa tu kuwa ule wa kwanza kusema: « Tungojee géologue aangalie. » Akisema, wa pili atasema.

Prime yenye kuficha damu

Mumarekani mwengine, B. F. Skinner, alionyesha kwamba tendo likifuatwa na zawadi, linarudiwa. Makampuni wanajua somo hilo vizuri. Ndiyo maana tunaona ubao mukubwa kwenye mulango: siku 100 bila aksida, siku 200 bila aksida. Siku zikifika, ekipe nzima inapata prime.

Ni muzuri, lakini tuulize: zawadi inalipa tendo gani? Hailipi kufunga mukanda wala kusimamisha mashini yenye kuharibika. Inalipa karatasi isiyokuwa na aksida. Basi kijana akiponda kidole siku ya 198, wenzake wanamuambia: « Funga kitambaa, sema ulijiumiza nyumbani. Usituuwe prime. » Sisi wenyewe tumesikia maneno haya, na wengine wetu tumeyasema. Kidole kinaoza, kijana anajilipia dawa, na ubao unaendelea kuhesabu.

Prime yenye akili ingelipa wale wanaotangaza hatari mbele haijauwa: kamba imechakaa, freni haishiki, hewa chini iko mubaya. Ndilo ombi tunalopeleka kwa wakubwa, na tunawaomba delege wa kariere zote wafanye vilevile.

Jambo lingine ni usingizi. Mwili una saa yake ya ndani, na karibu na mapambazuko inashuka chini kabisa. Mu mwaka 1997, watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walipima watu wasiolala. Kisha saa 17 bila usingizi, mikono na macho yao yalifanya kazi mubaya sawa ya mutu aliyekunywa pombe mpaka 0,05 % mu damu. Kampuni inapima pombe kwenye mulango, na ni haki yake. Lakini dereva wa kamio aliyemaliza ekipe ya usiku na kuongezewa saa zingine, nani anamupima? Na ninyi wa nyumbani, mutu wa ekipe ya usiku akilala muchana, mufunge dirisha, redio iende kwa jirani. Ule usingizi ni kaske yake ya pili.

Hesabu wanazotuonyesha

Mu mikutano wakubwa wanakuja na statistiki. Wengi wetu tunatazama chini, tunasema hesabu ni ya wasomi. Hapana. Mambo mawili yanatosha kwa kuanza.

La kwanza: wastani. Tufanye mufano. Watu tisa wanapata dola 400 kwa mwezi, mukubwa mumoja anapata 4 400. Jumla ni 8 000. Ukigawanya kwa kumi, « moyenne » ni dola 800. Kampuni haikusema uongo, lakini hakuna hata mutu mumoja mu kundi anayepata 800. Ukiwapanga kwa musitari toka mudogo mpaka mukubwa, na kumuangalia ule wa katikati, utakuta 400. Hiyo inaitwa « médiane ». Siku wakiwaambia moyenne, muulize médiane.

La pili: kiwango. Kampuni A ilikuwa na aksida 12 mu mwaka, kampuni B 6. Ni wapi hatari iko kubwa? Usijibu mbio. Tuseme A ina watu 3 000, B ina 500, na kila mumoja anatumika saa 2 000 mu mwaka. A imetumika saa 6 000 000: ni aksida 2 kwa kila milioni ya saa. B imetumika saa 1 000 000: ni aksida 6. Basi B yenye aksida kidogo ndiyo inaumiza watu mara tatu zaidi.

Kisha muulize ulizo ambalo wakubwa hawapendi: mulihesabu nani? Watu wa sous-traitance wako ndani ya ile hesabu? Maana ikiwa kazi yenye hatari imepewa sous-traitant, na majeruhi wake hawaandikwi, karatasi itakuwa safi na shimo litabaki lilelile. Na wale wa kichwa, kama mwenzetu, wanaandikwa wapi? Yeye aliandikwa kwa « abandon de poste ». Mu statistiki ya aksida hayuko.

Inatibika, na ilijaribiwa kwetu

Watu wengi wanasema: kichwa kikiharibika, ni basi. Si kweli. Na shahidi anatoka hapa Kongo.

Mu mwaka 2013, Judith Bass na wenzake walitangaza utafiti waliofanya Kivu, na wanawake 405 waliopitia ubakaji wa vita ao kuushuhudia. Wengi hawakujua kusoma. Vijiji viligawanywa kwa kura. Mu vijiji vingine wanawake walipata musaada wa mutu kwa mutu, wa kusikilizwa na kuongozwa. Mu vingine walikutana pia kwa kikundi na kufundishwa namna ya kupima mawazo yao: hili ninalowaza, « ni kosa langu », je, ni kweli? Kazi hiyo ilifanywa na wanawake wa palepale, si madaktari, waliofundishwa na kufuatwa vizuri.

Kisha miezi sita, mu vikundi walibaki 9 % tu wenye alama za depresio ao wasiwasi mukali. Mu vijiji vingine walibaki 42 %. Munaona hapa faida ya hesabu: bila vijiji vya kulinganisha, tungesema ni wakati tu ndio uliponyesha. Na kama vijiji havingechaguliwa kwa kura, mutu angesema waliwapa dawa wale wenye nguvu.

Kama matunzo hayo yalisaidia wamama waliopita mu moto ule, mbona tusitafute ya namna ile kwa muchimbaji aliyefukiwa? Lubumbashi kuna Centre neuropsychiatrique Docteur Joseph Guislain, Bukavu kuna Sosame, zote za Mafrère de la Charité. Kwenda kule si haya. Kuna pia vidonge, lakini vya depresio vinaomba majuma mbele havijaonyesha nguvu, na havikatwi mara moja bila munganga. Vile vya kuuzishwa balabalani muviache. Na pombe haitibu: inalalisha haraka, kisha inavunja usingizi katikati ya usiku.

Bamama, ninyi ndio munaona mbele ya wote. Mutu akibadilika kisha aksida, musimutukane, musimulazimishe kuelezea kila kitu. Mukae karibu, mumusikilize, mumupeleke kwa munganga. Shirika la Afya la Dunia linasema maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Akisema afazali afe, musiogope kumuuliza wazi kama anawaza kujiua. Ulizo halimupi wazo, linamupa mulango wa kutokea. Musimuache peke yake, mutafute lopitali siku ileile.

Tunaomba nini

Code du travail ya 2002 inaweka comité ya usalama na usafi wa kazi mu makampuni. Tuko ndani, tutumike nayo. Tunaomba mambo matatu: kila aksida kubwa, wale waliotoka bila kidonda waonwe tena na munganga kisha mwezi, mutu asifukuzwe kwa kukosa kazi mbele hajapimwa kichwa, na karatasi ya aksida iwe na fasi ya kuandika maumivu yasiyoonekana.

Mwenzetu leo anauzisha makala. Tulienda kwake, tukakaa chini, tukamuomba musamaha mbele ya bibi yake. Alinyamaza sana, kisha akauliza swali moja: « Na ule mwengine, mwenye tulitoka naye, analala? »

Hatukujua. Hatukuwahi kumuuliza. Kesho yake tulienda kumuuliza.